Maswali na Majibu ya Wasomaji: Ovari ya Kunguni na Jamaa Zake Chini ya Hadubini

Barua tulizozichagua safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni umbo la ndani la ovari ya wadudu wa oda ya hemiptera, yaani kunguni, vidukari, nyenje, nzi weupe na wadudu gamba. Tumezifupisha barua hizo bila kubadili maana yake.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa zoolojia. Nimekata vipande vya ovari ya kunguni mnyonya damu aitwaye Rhodnius prolixus na kuvitia rangi. Juu ya kila mrija naona fundo nene la seli zenye viini vikubwa vilivyokolea rangi, na katikati ya fundo hilo kuna eneo lisilo na kiini hata kimoja, lenye nyuzinyuzi tu. Mwenzangu anasema kipande kimeharibika wakati wa kukihifadhi. Je, ni kweli?

Jibu: Kipande chako hakijaharibika, ndugu msomaji, na eneo hilo lililokutia shaka ndilo la kwanza kutafutwa katika ovari ya mdudu wa oda hii. Ili lieleweke, tuanze nje tukielekea ndani. Jike la Rhodnius lina ovari mbili, na kila ovari ina mirija saba iitwayo ovarioli, iliyokaa kama vidole vinavyotoka katika kiganja kimoja. Idadi hiyo ya saba kwa kila upande utaikuta pia kwa kunguni wa kitandani, Cimex lectularius, na kwa aina nyingi za kunguni wanaofyonza mimea. Ncha ya juu ya kila ovarioli ina uzi mwembamba wa seli, na nyuzi za upande mmoja huungana kuwa kano linaloishikilia ovari mahali pake. Kwa upande wa chini, kila ovarioli huishia katika kikonyo kifupi kinachofunguka kwenye mrija wa mayai wa upande wake, kisha mirija ya pande mbili huungana kuwa mmoja unaoelekea nje.

Ovarioli nzima imevikwa ala. Ala ya ndani haina seli. Ni utando unaonyumbuka, ambao kwa hadubini ya kawaida huonekana kama mstari mwembamba unaoufuata ukuta kutoka juu hadi chini. Ala ya nje ina seli, misuli na vijirija vya hewa, na ndiyo maana ovari iliyotolewa upesi katika jike hai na kutiwa katika maji ya chumvi yenye uwiano unaofaa huweza kuendelea kunywea na kutanuka mbele ya macho yako.

Sasa tulitazame fundo lenyewe. Sehemu hiyo ya juu huitwa trofariamu, na seli zilizoijaza ni seli lishi, ambazo asili yake ni moja na ya mayai: zote hutokana na seli za uzazi zilizogawanyika bila kutengana kabisa. Karibu na ncha utaona seli ndogo ambazo bado zinagawanyika. Ukishuka, seli huwa kubwa na viini vyake hunenepa, kwa sababu hunakili DNA yake mara kwa mara bila kugawanyika tena. Seli hizo zote zimepangwa pembezoni, na kila moja hufunguka kuelekea katikati kwa njia ya daraja la saitoplazimu. Eneo la katikati, ambalo nitaliita kitovu cha lishe, ni saitoplazimu ya pamoja inayomiminiwa mazao ya seli zote zinazolizunguka, na kwa hiyo halina mipaka ya seli wala viini. Nyuzinyuzi ulizoziona humo zinatokana na mafungu ya mikrotubuli, yaani vijibomba vyembamba vya protini vilivyo ndani ya seli, na ukitumia faloidini yenye rangi ya kung'aa utaona pia wavu wa aktini uliolizunguka kitovu hilo.

Chini ya kitovu kuna mayai machanga yaliyokaa kwa kubanana, yakiwa yamezungukwa na seli ndogo nyingi ambazo baadaye zitaunda folikoli, yaani tabaka la seli linalolifunika kila yai. Kutoka hapo kwenda chini ndipo inapoanza vitelariamu, yaani sehemu ambamo mayai hukua yakiwa yamepangwa mstari mmoja, dogo juu na kubwa chini.

Huenda mwenzako aliona vipande ambavyo kisu cha mikrotomu kilipita pembeni mwa fundo. Mkato wa namna hiyo huonyesha seli lishi tupu bila kitovu, na nimeona ripoti za wanafunzi ambazo kwa sababu hiyo tu zimeiweka ovari ya kunguni katika kundi lisilo lake. Kata mfululizo wa vipande vya wima vya unene wa mikromita 5 hadi 7, kisha uchague vile vinavyoonyesha uzi wa juu, kitovu na yai kwa pamoja. Ukihitaji picha iliyo wazi zaidi, gandisha ovari katika resini, kata kwa unene wa mikromita 1 hivi, na utumie bluu ya toluidini. Seli lishi zitakolea sana, kwa kuwa zimejaa ribosomu na RNA.

Swali: Kitabu chetu cha kiada kinaeleza ovari ya nzi wa matunda, Drosophila, ambaye kila yai lake linashuka likiwa na seli lishi 15. Kwa nini kwa hemiptera seli hizo hubaki juu, na chakula kinalifikiaje yai lililokwisha kwenda mbali?

Jibu: Kwa maoni yangu, vitabu vya kiada vinawapunja wanafunzi vinapomfanya Drosophila kuwa kielelezo cha wadudu wote. Ovari za wadudu ziko za namna tatu. Katika ya kwanza, inayoonekana kwa panzi na mende, hakuna seli lishi kabisa, na kiini cha yai lenyewe hufanya kazi yote ya kutengeneza RNA. Katika ya pili, aliyo nayo Drosophila na vipepeo, seli ya uzazi hugawanyika na kufanya kundi dogo, moja katika kundi likawa yai na nyingine zikawa seli lishi zinazofuatana nalo ndani ya folikoli moja. Katika ya tatu, iliyo ya hemiptera, seli lishi hukusanyika juu na kubaki huko, na yai hushuka peke yake.

Namna hiyo ya tatu haikuzuka mara moja tu katika historia ya wadudu. Mbawakawa wa kundi kubwa la Polyphaga wanayo, ilhali jamaa zao wa Adephaga wana ovari ya namna ya pili, na mpango wa ndani wa trofariamu ya mbawakawa unatofautiana na ule wa kunguni kwa jambo kubwa, kwani hauna kitovu cha lishe kama hiki tunachokizungumzia. Kwa hiyo neno moja linalotumika kuziita ovari hizo zote lisikufanye udhani kwamba zina asili moja. Zinafanana kwa matokeo, yaani seli lishi kubaki juu, lakini kila ukoo ulifika hapo kwa njia yake.

Kuhusu chakula, jibu liko katika uzi wa lishe. Yai linapoanza kushuka halilikati daraja lililoliunganisha na kitovu. Daraja hilo hurefuka kadiri yai linavyosogea, hata likawa uzi mrefu wa saitoplazimu unaopita kando ya mayai madogo yaliyo juu yake. Katika kipande cha wima utauona ukitoka chini ya kitovu na kuingia katika ncha ya juu ya yai, ukipenya kati ya seli za folikoli. Katika kipande cha mlalo kilichokatwa juu kidogo ya yai kubwa, nyuzi kadhaa zitaonekana kama miduara midogo iliyosongamana.

Mwaka 1970, Macgregor na Stebbings walieleza kwa hadubini ya elektroni jinsi uzi huo ulivyo ndani kwa mdudu wa majini aitwaye Notonecta, ambaye naye ni wa hemiptera. Waliukuta umejaa mikrotubuli kwa maelfu, zote zikiwa zimelala sambamba kufuata urefu wa uzi, na ribosomu zikiwa katika nafasi zilizobaki kati yake. Mpangilio huo ni wa barabara ya uchukuzi. Kwa njia hiyo seli lishi hupeleka ribosomu, RNA na mitokondria kwenye yai, ambalo kiini chake kimesimama mwanzoni mwa mgawanyiko wa kupunguza kromosomu na hakina haja ya kutengeneza mali hiyo yote peke yake. Kwa Rhodnius imepimwa pia tofauti ya volti kati ya trofariamu na yai, na watafiti wameihusisha na mwelekeo wa baadhi ya protini zinazopita katika uzi.

Uzi haudumu mpaka mwisho. Yai likishakuwa kubwa, na kabla ganda halijaanza kutandazwa, uzi hufungwa na seli za folikoli huziba mahali ulipopita. Ukikuta yai kubwa lisilo na uzi wowote, usianze kuitilia shaka slaidi yako, limekwisha kujitegemea.

Swali: Katika yai kubwa la chini kabisa, seli za folikoli zimeachana na kuacha mianya kati yake, lakini katika mayai madogo ya juu zimebanana. Vilevile nyingi zinaonekana kuwa na viini viwili. Je, mianya hiyo ni kasoro ya kuhifadhi, na viini viwili ni dalili kwamba seli zinagawanyika?

Jibu: Yote mawili ni ya kawaida. Tuanze na viini, maana ni jambo fupi. Seli za folikoli za kunguni wengi hugawanya kiini bila kugawanya saitoplazimu, na baada ya hapo huishi na viini viwili ambavyo navyo huendelea kunakili DNA. Mgawanyiko wa seli umekwisha. Kinachoongezeka sasa ni uwezo wa kila seli wa kutengeneza protini, na utaona hivi punde kwamba uwezo huo unahitajika sana.

Mianya inastahili maelezo marefu zaidi. Mali inayopita katika uzi wa lishe si chakula chote cha yai. Sehemu kubwa ya akiba, ile ambayo kiinitete kitaitumia, hutokana na protini iitwayo vitelojenini, inayotengenezwa hasa katika tishu ya mafuta ya mama na kusafirishwa katika damu yake. Protini hiyo lazima ifike kwenye uso wa yai, na kati yake na yai umesimama ukuta wa seli za folikoli. Wakati wa kukusanya akiba unapofika, seli hizo hupungua ujazo, huachana ubavuni, na damu hupenya katikati mpaka kwenye utando wa yai. Hapo vitelojenini hushikwa na vipokezi na kumezwa kwa vifuko vidogo, ambavyo huungana kuwa chembe kubwa za akiba unazoziona zikiwa zimeijaza saitoplazimu. Jike la Rhodnius huruhusu yai moja tu la kila ovarioli kukusanya akiba kwa wakati mmoja. Lililo juu yake husubiri. Ndiyo sababu umeiona mianya chini na hukuiona juu.

Kinachoifungua mianya hiyo ni homoni ya uchanga, inayotolewa na tezi ndogo zilizo nyuma ya ubongo. Wigglesworth alionyesha mwaka 1936, kwa kutumia mdudu huyu huyu, kwamba jike aliyeondolewa tezi hizo hakamilishi mayai yake hata akishiba damu. Mwaka 1972, Pratt na Davey walieleza uhusiano kati ya homoni hiyo na kufunguka kwa mianya ya folikoli. Kazi zilizofuata zilionyesha kwamba seli hizo hunywea kwa kutumia pampu ya sodiamu na potasiamu iliyo katika utando wake, kiasi kwamba ukiizuia pampu kwa ouabaini, mianya haifunguki.

Utaitofautishaje mianya ya kweli na ile ya kuhifadhi vibaya? Mianya ya kweli iko ubavuni mwa seli, na seli bado zimeshikamana na utando wa nje na kugusana na yai kwa vijinywele vya utando. Ikiwa tabaka zima la folikoli limejitenga na yai na kuacha pengo moja linalolizunguka, hapo umenywesha ovari pombe kali upesi mno.

Akiba ikitimia, mianya hufungwa na seli hizo hizo hubadili kazi na kuanza kutoa ganda. Beament, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1946, alieleza ganda la Rhodnius kuwa na tabaka saba, na alionyesha vitundu vya kupitishia mbegu za kiume kwenye ukingo wa kifuniko cha yai. Lichukue yai lililokwisha tagwa, ulitazame kwa mwanga wa pembeni: uso wake umegawanyika katika vijumba vya pembe sita, na kila kijumba ni alama ya seli moja ya folikoli iliyokaa hapo.

Swali: Nilipasua kidukari jike nikitarajia kuona mayai. Badala yake nilikuta ndani ya ovarioli viinitete vyenye macho. Je, maelezo ya trofariamu yanamhusu na yeye?

Jibu: Yanamhusu, ila katika umbo dogo. Uliyempasua ni jike wa kizazi kisichohitaji dume. Yai lake halikusanyi akiba ya vitelojenini wala halivikwi ganda. Likishashuka kidogo kutoka trofariamu huanza kugawanyika, na kiinitete hukua humo humo ndani ya ovarioli mpaka kitoke kikiwa hai. Kipande kimoja cha wima, kwa hiyo, kinaweza kukuonyesha hatua za ukuaji tangu yai changa mpaka mtoto aliye karibu kuzaliwa. Tazama kwa makini viinitete vikubwa vya chini, kwani ndani yake nako utaziona ovari zikiwa zimekwisha kuanza mayai ya kizazi kinachofuata.

Trofariamu ya kidukari ni duara dogo, na kwa vidukari wa familia ya Aphididae kwa kawaida huwa na seli 32 za uzazi, zikiwemo seli lishi na mayai machanga. Kitovu cha lishe kipo, nyuzi zipo, lakini kila kitu kinaweza kuhesabika, jambo lisilowezekana kwa Rhodnius. Wadudu gamba wamepunguza zaidi: ovarioli zao ni fupi na nyingi, na kila moja ina seli lishi chache tu na yai moja. Kwa anayeanza kujifunza somo hili ningemshauri aanze na kidukari wa kizazi kinachotaga, yule wa mwisho wa msimu, kwa sababu ndani yake ataona seli lishi, uzi, akiba na ganda katika ovarioli iliyo fupi kiasi cha kuenea katika picha moja.

Swali: Je, ni kweli kwamba mayai ya wadudu hawa huambukizwa bakteria yakiwa bado ndani ya mama?

Jibu: Ni kweli, ingawa neno “kuambukizwa” si la haki, kwa kuwa bakteria hao ni washirika wasioweza kukosekana. Wadudu wanaoishi kwa utomvu au kwa damu peke yake hukosa virutubisho fulani, na bakteria wa ndani huvitengeneza. Kidukari ana Buchnera, anayempa asidi amino. Kunguni wa kitandani ana Wolbachia, anayempa vitamini za kundi B. Bakteria hao hurithishwa kupitia ovari, na mahali pa kuingilia panaonekana kwa hadubini. Kwa panzi-mimea (wadudu wa hemiptera, si panzi wa kawaida) na jamaa zao, washirika hupenya kati ya seli za folikoli za upande wa chini wa yai, au ndani ya seli hizo, na hukusanyika karibu na yai wakawa donge. Nzi mweupe amekwenda mbali zaidi: seli nzima ya mama, pamoja na bakteria waliomo, huingia katika yai. Mwanafunzi asiyejua hili hulichukulia donge hilo kuwa uchafu wa rangi.

Kwa kuwa kunguni wa kitandani ametajwa, niongeze jambo moja linalowashangaza wengi. Dume hutoboa ngozi ya tumbo la jike na kumwaga mbegu mwilini, si katika mirija ya uzazi. Mbegu hupita katika damu mpaka kwenye vifuko vilivyo chini ya mirija ya mayai, kisha hupanda ndani ya ukuta wa mirija na vikonyo mpaka zifike kwenye ovarioli, na yai hurutubishwa kabla halijavikwa ganda. Ukikuta mafungu ya nyuzi nyembamba zilizokolea rangi ndani ya ukuta wa kikonyo chake, hizo ni mbegu za kiume zikiwa njiani.

Swali: Chini ya baadhi ya ovarioli nimeona kijidonge cha rangi ya njano. Nimeambiwa ni ushahidi kwamba jike ametaga. Naweza kutegemea alama hiyo?

Jibu: Unaweza, kwa tahadhari moja. Yai likitoka, seli za folikoli zilizolizunguka hubaki nyuma, hujikunja na kuchakaa, na mabaki yake hujikusanya chini ya ovarioli, karibu na kikonyo, yakiwa na rangi ya njano. Lakini jike aliyeshinda na njaa, au aliyepungukiwa na homoni, huweza kulivunja yai lililokuwa linakua na kuifyonza akiba yake. Seli za folikoli ndizo zinazofanya kazi hiyo pia, na mwisho wake huacha kijidonge kinachofanana sana na kile cha kwanza kwa macho matupu.

Kipande chembamba huondoa utata. Yai linalovunjwa hukaa katika vitelariamu, likiwa na chembe za akiba zilizoyeyuka na kuungana ovyo, na seli za folikoli zilizovimba zikiwa na chembe hizo ndani yake, ilhali chini yake kikonyo bado kimezibwa na kizibo cha seli. Palipopita yai kizibo hicho kimekatika, mrija wa kikonyo umepanuka, na ala ya ndani ya ovarioli imekunjamana juu ya mabaki.